Lebo Kabla ya Damu

Nina miaka thelathini na mitatu na nimestaafu. Wenzangu wa maabara waliandika hivyo juu ya keki kwa sukari ya bluu, wakidhani ni utani. Nilicheka, kisha nikaenda kujifungia chooni dakika kumi nikijiuliza kama kweli ni utani. Aliyeamua ni kidole gumba changu cha kulia. Miaka kumi ya kubonyeza pipeti, kifaa cha kufyonzea majimaji, imekichosha, na daktari wa mikono ameniambia nichague kati ya pipeti na kushika kikombe. Nimechagua kikombe.

Ninyi wanafunzi wetu mnaozungumza Kiswahili na mnaoanza kazi za maabara hapa Toronto mmeniomba niandike jinsi mambo yalivyokuwa. Vyeo sitavieleza, kwa sababu vilikuwa viwili tu na tofauti yao sikuiona. Nitaeleza damu ilivyokuwa ikitulia, na kosa moja nililolifanya kwa sababu ya woga.

Nilianza mwishoni mwa muongo wa kwanza wa miaka ya elfu mbili, katika vuli, majani yakiwa yanaanguka bila haraka. Nilikuwa nimemaliza chuo na bado nilikaa chumba kile kile cha mtaa wa Jane and Finch nilichofikia nilipotoka Morogoro, ghorofa ya kumi na moja, dirisha likitazama maegesho ya magari. Siku ya kwanza nilifika saa moja na nusu kabla ya muda. Nikazunguka jengo mara nne, nikahofia mlinzi ananishuku, nikamsalimia ili asinishuku, halafu nikahofia salamu yangu ndiyo imemshtua.

Mlango ulifunguliwa na mama mfupi mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa laini kama khanga ya zamani. Alisoma jina langu kwenye karatasi, akanitazama juu ya miwani.

"Upendo," alisema. "Wa wapi wewe?"

"Morogoro, Bi."

"Ah! Mimi Mwanza. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa pale. Ingia, mwanangu, usisimame mlangoni kama mdai."

Huyo ndiye Bi Shirin, fundi mkuu wa maabara yetu. Aliondoka Mwanza akiwa msichana, na Kiswahili chake kilibaki na umri ule ule alioondoka nao. Alikitumia kunigombeza. Kiingereza alikiweka kwa ajili ya mikutano. Kila asubuhi alikuja kutoka Richmond Hill na chupa ya chai ya maziwa yenye iliki, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa sampuli kabla ya kunywa kikombe kimoja akiwa amekaa. Mikono yenye haraka, alisema, humwaga.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kuna watoto ambao kinga ya miili yao hugeuka na kushambulia tishu zinazoushikilia mwili pamoja: ngozi, misuli, viungo. Wengine ngozi hukakamaa mpaka vidole havikunjiki vizuri. Baya zaidi ni pale ugonjwa unapoingia kwenye mapafu, kwa sababu huingia kimya kimya. Kipimo cha kupuliza kwenye mrija humtaka mtoto apulize kwa nguvu zake zote, na mtoto wa miaka saba hupuliza kwa nguvu zake zote anapotaka yeye. Picha za mapafu zina mionzi, huwezi kumpiga mtoto picha kila mwezi. Kwa hiyo watafiti walikuwa wakitafuta alama katika damu. Pafu likiumia, protini fulani huvuja kutoka kwenye kuta zake na kuingia kwenye damu. Tungeweza kuzisoma mapema, pengine tungejua kabla mtoto hajaanza kukohoa.

Nilipenda sehemu ya kusubiri. Damu ikishatolewa unaiacha kwenye tyubu nusu saa igande, wima, bila kuisumbua. Kisha unaiweka kwenye mashine ya kuizungusha, ambayo mimi na Bi Shirin tuliiita kinu, na kinu kinavuma, na ukifungua unakuta nyekundu imeshuka chini na juu yake kuna maji ya rangi ya asali changa. Hayo ndiyo unayoyavuta kwa pipeti, taratibu, bila kugusa nyekundu, ukayagawa kwenye vichupa vidogo na kuviweka kwenye friza yenye baridi ambayo hata Januari ya Toronto haiijui. Ukifungua friza ile ukungu unashuka sakafuni na kukuzunguka miguu. Nimesimama katika ukungu ule mara nyingi nikisahau nilichofuata. Nilikuwa nahisi watoto wote wamelala mle ndani, kila mmoja kwenye kitundu chake, na mimi nawahesabu.

Bi Shirin alinifundisha sheria nyingi, nyingine za lazima, nyingine za kwake tu. Moja aliirudia kila wiki: lebo hubandikwa baada ya damu kuingia, mbele ya mtoto, baada ya mtoto mwenyewe kutaja jina lake. Kamwe si kabla.

"Tyubu tupu haina mwenyewe," alikuwa akisema.

Nilimwelewa. Shida ni kwamba mimi ni mtu ambaye usiposhughulika na kesho leo, kesho hunijia usingizini. Niliwaza: je, printa ya lebo ikigoma asubuhi, mtoto akiwa ameshachomwa? Je, wino? Je, mikono ikitetemeka nikaandika vibaya huku mama yake ananitazama? Basi nikaanza, bila kumwambia mtu, kuandaa tyubu zangu siku moja kabla, zikiwa zimeshabandikwa lebo, zimepangwa kwenye trei kwa mpangilio wa kuingia. Zilipendeza. Niliziangalia nikapata amani. Niliamini kwamba nimeongeza usalama.

Mwaka wa nne wa kazi yangu walikuja Furaha na Faida.

Niliitwa kutafsiri. Walikuwa mabinti wa miaka tisa, watoto wa ndugu wawili, wanaishi nyumba moja jirani na kwangu. Furaha ndiye mgonjwa. Ngozi ya mikono na kifua ilikuwa imeanza kukaza. Faida alikuwa mzima, na mama yake, Mama Faida, aliyewalea wote wawili, alikubali naye atoe damu kama mtoto wa kulinganisha, maana huwezi kujua kipi si cha kawaida bila kujua cha kawaida. Jina lao la ukoo ni moja. Herufi zao za mwanzo ni zile zile. Nilipouliza tarehe za kuzaliwa, Mama Faida, mkimbizi wa zamani aliyechanganya Kiswahili na Kifaransa, alicheka.

"Bon, andika Januari moja. Wote wawili."

"Wote wawili siku moja?"

"Dada, kule kambini Kigoma waliuliza, mutoto alizaliwa lini? Mi nasema, wakati wa mvua, mahindi yalikuwa hapa." Aliweka kiganja usawa wa goti. "Ule wa ofisi anatazama saa yake, anaandika Januari moja. Sasa nusu ya kanisa yetu tunakula keki siku moja."

Mwaka nao ulikuwa ule ule. Lebo zetu za utafiti hazikuwa na jina kamili, kwa ajili ya faragha. Zilikuwa na namba, herufi za mwanzo na tarehe ya kuzaliwa. Kwa wale mabinti kilichotofautiana ni namba tu, na namba hakuna mtoto anayeijua.

Siku ya damu niliweka trei mezani kwa mtoa damu, muuguzi anayewachoma watoto, tyubu ya Faida mbele, maana tulikubaliana yeye ataanza. Kisha nikatoka kumweleza Mama Faida karatasi ya ridhaa, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu niliogopa amesaini bila kuelewa. Niliporudi mabinti wote wawili walikuwa na plasta mkononi na stika ya dubu kifuani. Nikabeba tyubu. Nikazisimamisha zigande. Kinu kikavuma.

Miezi ikapita. Katika miezi hiyo nilitafsiri tena kliniki, na daktari mkuu wa utafiti, ambaye pia ndiye aliyekuwa akimtibu Furaha, alisema mambo yanaonekana kutulia. Kipimo cha kupuliza kilikuwa kizuri. Kabla ya likizo ya Desemba wangeanza kumpunguzia dawa, zile zinazomvimbisha mashavu. Furaha aliruka kwa shangwe, mara moja, kisha akaketi.

Ijumaa moja, siku nne kabla ya miadi ya Furaha ya kupunguziwa dawa, tulipima vichupa. Upimaji huo hufanyika kwenye bamba la plastiki lenye vishimo vingi vidogo. Unaweka maji ya damu, unaongeza dawa, na vishimo vinaanza kugeuka bluu, polepole, kama alfajiri inayoingia chumbani. Kadiri protini ilivyo nyingi ndivyo bluu inavyokolea. Watoto wa kulinganisha hukaa safu zao, weupe, wamelala. Siku ile katika safu yao kishimo kimoja kilikuwa bluu ya wino.

Nikakagua namba. Faida.

Nikarudia kipimo kwa kichupa kingine. Bluu ile ile. Nikaangalia cha Furaha. Cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

Mtakwimu wetu, mtu mpole sana, aliitazama namba kwenye kompyuta na kusema mtoto wa kulinganisha mwenye kiwango kama hicho huondolewa kwenye hesabu. Hutokea, alisema. Labda alikuwa na kifua siku hiyo. Angeifuta Jumatatu.

Nilirudi nyumbani na treni nikiwa nimesimama ingawa viti vilikuwepo. Niliorodhesha sababu kumi na mbili za bluu ile, na kila moja nikaitafutia sababu nyingine nyuma yake. Ya kumi na tatu sikuiandika. Niliijua. Tyubu mbili zilizobandikwa lebo tangu jana yake, watoto wawili wenye jibu moja kwa kila swali, na mimi nikiwa nje ya mlango.

Jumapili nilikwenda kanisani. Ibada yetu ya Kiswahili hufanyika Downsview, ukumbi wa juu katika jengo lililo kati ya maghala, na Jumapili hiyo theluji ya kwanza ilikuwa ikianguka kwenye malori yasiyokwenda popote. Nilikuwa nimejiapiza kutomuuliza mtu chochote. Familia iliyo kwenye utafiti haihojiwi kanisani. Huo ni utovu wa maadili, na niliwaza barua ya kufukuzwa ingeandikwa kwa maneno gani. Nikasimama chini ya ngazi nikikung'uta viatu.

Mabinti walipanda mbele yangu. Faida alikimbia. Furaha alifika katikati, akainama, akawa anafunga kamba za viatu. Alikaa pale muda mrefu. Watu walimpita. Nilipomfikia nilitazama chini nikaona viatu vyake vya theluji ni vya kuvuta tu, havina kamba hata moja.

Akaniona nimeona. Akaweka kidole mdomoni.

Baada ya ibada walikaa karibu na meza ya chai wakitaniana, kwa Kiingereza kama kawaida yao, nami nayaweka kwa Kiswahili. Shuleni walikuwa wamechanjwa.

"Mimi sikulia," alisema Faida.

"Mwongo! Ulilia mpaka mwalimu akakupa biskuti."

"Biskuti aliwapa wote!"

"Na ile siku ya Anti Upendo? Ulijificha nyuma ya pazia. Mimi ndiye nilikaa kwanza kwenye kiti chako nikuonyeshe. Nimechomwa mara milioni, mimi."

"Nilikuwa nakojoa!"

"Nyuma ya pazia?"

Walicheka mpaka Furaha akakohoa, akageukia ukutani, akakohoa tena, kwa ustadi, kama mtu aliyezoea kukohoa bila kusikika. Chai yangu ilipoa mkononi.

Basi nilijua. Bluu ilikuwa ya Furaha: alikaa kwanza, na damu yake ikaingia kwenye tyubu yenye lebo ya Faida. Jumanne wangempunguzia dawa, na Jumatatu namba ingefutwa, na hakuna ambaye angeuliza, kwa sababu ilikuwa namba ya mtoto mzima. Nikinyamaza, lebo zangu zote zitabaki safi.

Jumatatu Bi Shirin alinikuta nimekaa mbele ya chupa yake ya chai nikiwa sijavua koti. Nilimweleza yote. Alinimiminia kikombe.

"Uliandika kabla ya damu."

"Ndiyo, Bi."

"Mara moja?"

"Tangu Machi. Kila mara."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Friza ilikuwa ikivuma chumba cha pili.

"Miaka minne nakufundisha," alisema, "nikidhani kichwa chako kimejaa wasiwasi hakina nafasi ya ujinga. Kumbe vimepata vyumba viwili." Kisha akauliza, "Unaogopa nini sasa? Kufukuzwa?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Ogopa. Lakini ogopa huku unatembea. Twende."

Tulikwenda kwa daktari mkuu, Bi Shirin mbele, mimi nyuma nikiwa na kikombe mkononi kwa sababu nilisahau kukiweka. Daktari alisikiliza bila kuandika. Akaniuliza kama nina uhakika.

"Hapana," nilisema. "Sijawahi kuwa na uhakika na kitu chochote maishani. Lakini mtoto anafunga kamba za viatu visivyo na kamba."

Alisema namba ya utafiti haiwezi kuingia kwenye faili la matibabu, kanuni ni kanuni, na hasa namba yenye lebo ya mtu mwingine. Lakini mtoto anayesimama katikati ya ngazi anaweza kuingia. Jumanne hawakupunguza dawa. Walichukua damu mpya, nami nilisimama pale na tyubu tupu isiyo na jina, na mikono yangu ilitetemeka kama nilivyoogopa siku zote kwamba itatetemeka, na lebo ikabandikwa upande, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Damu ya Furaha ikawa bluu. Ya Faida ikawa nyeupe. Picha ya mapafu ilionyesha utando mwembamba upande wa chini, kama pumzi kwenye kioo cha basi wakati wa baridi. Ulikuwa mwanzo. Dawa ikaongezwa badala ya kupunguzwa.

Nilipomtafsiria Furaha kwamba mashavu yatabaki vile vile kwa muda, alinitazama kwa macho ya mtu aliyesalitiwa.

"Umewaambia kuhusu viatu," alisema kwa Kiingereza.

"Nimewaambia."

Hakuongea nami mpaka Pasaka.

Sikufukuzwa. Nilipewa barua, ninayo bado, na nilipewa kazi ya kukagua kila tyubu niliyowahi kuibandika lebo mapema. Nilikaa majira yote ya baridi nikilinganisha daftari na daftari. Zile ambazo sikuweza kuthibitisha ni za nani zilimwagwa. Mnisamehe, hapa sina mzaha. Kila tyubu ile ilikuwa mtoto aliyenyoosha mkono na kukunja uso, na nilizimwaga moja moja, rangi ya asali, kwenye chombo cha taka. Bi Shirin alikaa nami. Hakunisaidia kumwaga. Alinimiminia chai tu.

Alistaafu kabla yangu, kwa umri halali. Alinirithisha chupa yake ya chai, kifuniko kimepasuka, na ujumbe kwenye karatasi ya lebo: "Kaa kwanza." Utafiti nao uliendelea. Alama zile hatimaye zilisaidia kiasi, si peke yake, zikiwekwa pamoja na kupuliza na picha na macho ya mtu anayetazama ngazi. Sikuwahi kuacha wasiwasi. Nimejifunza tu pa kuupeleka: baada ya damu, mbele ya mwenyewe.

Wiki yangu ya mwisho Furaha alikuja kwa sampuli yake ya mwisho. Ana miaka kumi na tano, mrefu kunipita, ana kovu dogo kwenye kikunjo cha kila kiwiko. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, hakutumia lifti. Alisimama mlangoni, akapumua mara mbili kwa sauti ili nisikie, kisha akainua mguu mmoja, akanionyesha kiatu. Kilikuwa na kamba, nyekundu, zimefungwa mafundo mawili.

Mtoa damu alifanya kazi yake. Tyubu ikajaa. Nilikaa mbele yake na kalamu, kidole gumba kikiuma.

"Jina kamili?"

Alilitaja.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

"Ya karatasi au ya mahindi?"

"Ya karatasi."

"Januari moja," alisema, na miaka yote hiyo alikuwa akinijibu kwa Kiingereza, lakini siku ile aliinamia tyubu iliyokuwa bado na joto lake, haina kitu juu yake, akaisogeza kwangu kwa ncha ya kidole, akasema kwa Kiswahili, "Haya, Anti. Andika sasa. Huyu ni mimi."